Paipu ya Tatu Nyumbani kwa Mutugi

Rahema Abubakar hauzi mfereji kabla hajaupuliza. Mteja husimama kaunta akiwa na haraka zake, naye huutoa mfereji kwenye boksi, akaufunga, akautia mdomoni na kupuliza mpaka mishipa ya shingo imtoke. Pumzi ikipenya hata kidogo, mfereji unarudi kwa aliyeuleta. Watu wa Embu mjini humcheka, lakini ni hao hao wanaopita maduka matatu ya vifaa vya ujenzi ili wafike kwake. Ameshuku mifereji, ameshuku saruji, ameshuku mafundi, na hilo halimtii haya. Katika nchi ambapo mtu anaweza kukuuzia tangi lililopakwa rangi juu ya kutu, kisha akakuombea baraka za Mungu huku akilipakia garini, kushuku si dhambi. Ni kazi, na kuna watu wanaifanya kwa niaba yetu sote.

Mafundi ndio waliomchosha zaidi. Miaka sita nyuma alimtuma mmoja Runyenjes akafunge tangi jipya, yule bwana akafunga kuukuu na jipya akaliuza njiani. Rahema alibeba lawama mwaka mzima. Tangu siku hiyo kazi zote za sola za maji moto zilikwenda kwa mtu mmoja tu, Shukri, mtoto wa marehemu kaka yake, ambaye alimlea tangu akiwa na miaka tisa na kumsomesha ufundi. Sasa Shukri alikuwa na miaka ishirini na sita, na Rahema alimwamini. Yaani alimwamini kuliko alivyowaamini wengine.

Kisha Jumatatu moja ya Julai, Mutugi, mkulima wa chai kutoka Kianjokoma, aliingia dukani na chupa ya plastiki iliyojaa maji. Aliushika mkono wa Rahema, akaugeuza, akammiminia kiganjani.

"Haya ndiyo maji moto uliyoniuzia, mama."

"Yametoka mferejini saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili asubuhi."

"Na sasa ni saa tano. Hata chai ya mke wako ingefika hapa ikiwa baridi."

Wateja walicheka. Mutugi hakucheka. Alisema kijana wa duka, Shukri, amekuja mara mbili, zote mchana, anagusa mfereji, anasema iko sawa, anapanda pikipiki anaenda. Alfajiri watoto wanaoga barafu. Alisema pia kwamba wenzake wa kituo cha majani chai, nyumba arobaini, walikuwa wanangoja kuona sola yake ikifanya kazi ndipo wachague duka la kununua zao, na kwamba jioni hiyo angewaandikia kwenye kundi lao la WhatsApp.

"Nyinyi Waswahili wa Majengo mnafikiri sisi wa huku juu hatuna akili," alimalizia.

Rahema alijifuta mkono kwenye leso. Babu yake alizikwa Embu, na mama yake alikuwa Mwembu wa kuzaliwa. Lakini hilo si jambo la kumwambia mtu mwenye hasira.

"Usiandike leo," alisema. "Kesho nakuja mwenyewe."

Jioni alifungua stoo na kuanza kukagua kila kitu kilichopelekwa Kianjokoma. Tangi la lita mia mbili, sawa. Mabamba ya kioo, sawa. Kisha akaona rola moja ya paipu ya maji moto imepungua, na pengo lake lilikuwa kubwa, kama mita thelathini. Alimwita Shukri.

"Paipu hii imeenda wapi?"

"Ilitumika, anti."

"Wapi?"

"Kazini."

Alijibu akiangalia viatu vyake. Rahema alifunga stoo. Yule wa Runyenjes naye alikuwa na tabia hiyo ya kuangalia viatu.

Kesho yake walipanda huko kwa pikapu. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka msituni mpaka juu ya mashamba ya chai, na baridi ya Kianjokoma ilikuwa ile ya kuuma meno. Mutugi aliwapokea langoni bila kuwapa mkono. Mke wake, Gladwell, aliwasalimu kwa adabu, kisha akasimama kando, mikono ndani ya sweta. Rahema alimwona akimtupia Shukri jicho, na Shukri akigeuka upande wa pili kama aliyechomwa. Akajiambia hawa wawili wanajua kitu. Mutugi naye alikuwa akimtazama Rahema kama mtu anayelinda kuku wake dhidi ya mgeni. Walikuwa watu wanne uani, kila mmoja akimchunga mwenzake.

Rahema alianza kufungua mifereji. Jikoni, moto. Bafu la watoto, moto.

"Mchana ni moto, nimesema," Mutugi alisema. "Swali langu ni alfajiri."

Kisha akamwonyesha bafu jingine kwa fahari ambayo hata hasira haikuizima. Lilikuwa la baba yake, Mzee Mbaka. Vigae vyeupe mpaka darini, vyuma vya kushikia ukutani ili mzee asiteleze, kiti cha kuogea. Kanisani watu walikuwa wamempongeza kwa chumba hicho. Vijana wangapi siku hizi wanawafikiria wazazi wao hivyo? Rahema aliangalia chini. Sakafu ilikuwa kavu. Sabuni ilikuwa bado kwenye karatasi yake, na juu ya mdomo wa mfereji buibui alikuwa amejijengea.

"Mzee huoga hapa?"

"Kila siku," Mutugi alijibu.

Gladwell alikumbuka ghafla kwamba ameacha maziwa jikoni, akaondoka.

Rahema alitoka akazunguka nyuma ya nyumba. Aliinua macho kwenye tangi pale paani, akafuata paipu zinavyoteremka. Alikuwa ameuza kazi ya paipu mbili za maji moto. Zilizoteremka zilikuwa tatu. Ya tatu ilijificha nyuma ya mfereji wa maji ya mvua, ikashuka ukutani, ikazama ardhini ikielekea banda la ng'ombe. Kumbe ndiyo hii. Paipu ya duka lake, kazi ya kando, maji moto ya ng'ombe au ya jirani, na kijana aliyemlea kwa mikono yake ndiye mwizi. Hakumwita mtu. Aliufuata ule mstari wa udongo mpya peke yake.

Nyuma ya banda kulikuwa na bafu la zamani la mabati. Ndani yake aliona mfereji mpya wa shaba, beseni, taulo lililochakaa na kofia iliyotundikwa kwenye msumari. Mzee mmoja mwembamba, koti limefungwa mpaka shingoni, alikuwa ameketi kando akipukuchua mahindi.

"Nilijua atakayefika huku ni mwanamke," Mzee Mbaka alisema kwa Kiembu, bila kuinuka. "Wanaume huishia kuangalia paa."

Alimweleza polepole, mahindi yakidondoka. Lile bafu la vigae limepakana na chumba anacholala mwanawe na mkewe. Ukuta ni mmoja. Siku ya mwisho ya kazi, Jumapili, wote wakiwa kanisani, alimwomba yule kijana wa Kiislamu amvutie maji mpaka hapa. Alimpa jogoo, kijana akakataa. Alimwapisha asimwambie mtu.

"Nioge mke wa mwanangu akisikia maji yananidondoka mwilini?" mzee aliuliza. "Halafu akiniletea chai nitamtazama vipi?"

Rahema alielewa. Mama yake alikuwa akiiita *nthoni*, ile heshima ya wakwe ambayo haina mlango wa kuingilia. Mzee hawezi kuitaja mbele ya mkamwana, wala mkamwana hawezi kuuliza. Na kumwambia Mutugi kwamba chumba chake cha fahari hakifai kungekuwa kumvua nguo mbele ya kanisa zima. Kwa hiyo nyumba nzima ilikuwa imenyamaza, na mtu pekee ambaye ingewezekana kumlaumu kwa sauti alikuwa mwenye duka wa mjini.

"Alfajiri unafungua maji kwa muda gani, mzee?"

"Mpaka yapate moto. Huchelewa. Nafungua, naenda kulisha ng'ombe, narudi."

Basi ndiyo hiyo. Mita thelathini za paipu katika udongo baridi uliolowa, na tangi zima linamwagika likijaribu kuupasha udongo wa Kianjokoma. Watoto wakiamka, moto umekwisha. Mchana jua linarudisha, na fundi anasema iko sawa.

"Usimwambie mwanangu," mzee alisema.

Ni rahisi kuhubiri ukweli ukiwa huna duka. Rahema alikuwa na nyumba arobaini mkononi, na jina alilolijenga kwa kupuliza mifereji, na sentensi moja tu ingetosha kulisafisha.

"Sitasema neno, mzee. Lakini mwanao ana miguu."

Mzee alifikiri, akaokota bakuli lake la mahindi, akaingia kwa ng'ombe na kumpa Rahema mgongo.

Rahema alimwita Mutugi, akamwonyesha tu pale paipu ilipoingia ardhini. Mutugi aliifuata. Alipofika kwenye mabati aliona mfereji, akaona taulo, akaiona kofia. Aliigusa ile kofia, na alipozungumza sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Aliniambia chumba kile kinamfaa sana."

Mutugi alijifuta uso kwa kiganja, akauliza sasa kundini aandike nini, maana hili haliandikiki.

"Andika kwamba fundi wangu aliacha paipu moja uchi ardhini, ikamaliza moto wa tangi. Kosa la duka, na duka limekuja kurekebisha. Yote ni kweli."

"Watasema duka lako ni bovu."

"Watasema."

Mutugi aliandika. Majibu hayakuchelewa, aliyasoma kwa sauti ya chini, moja baada ya jingine. Mmoja alisema alijua tu. Mwingine alipendekeza watafute duka la Meru.

Shukri alikuwa ameshaanza kuufungua mtaro kwa jembe. Rahema alisimama juu yake.

"Niliapishwa, anti," alisema. "Tena kwa jina la marehemu baba."

"Uliapishwa kunyamaza. Nani alikuapisha kufanya kazi mbaya? Sponji ya kufunikia paipu isipoe ilikuwa stoo. Kifungio cha kuzuia maji kilikuwa stoo. Na paipu ulichukua bila kuomba."

"Ningeomba, ungeuliza ni ya nini."

Hilo lilikuwa kweli. Alimtupia rola ya sponji nyeusi.

Gladwell alitoka jikoni na sinia ya chai. Aliufikia mtaro akasimama. Mutugi akaangalia mlimani, Shukri akaangalia jembe.

"Paipu hiyo ni ya wapi?" Gladwell aliuliza.

"Ya banda, binti yangu," Rahema alisema.

"Basi ifunikwe vizuri. Banda lile lina baridi kali alfajiri."

Aliwapa chai. Kikombe kimoja kilichobaki alikiweka juu ya kiukuta kando ya banda, akakifunika kwa sahani, akarudi bila kuitazama ile pembe ya mabati. Rahema alimsindikiza kwa macho. Akawaza huenda ni mwanamke huyu aliyekuwa akimsukuma mumewe alalamike, ili mtu aje aifunike paipu ya mzee, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akamshuku mtu kwa wema.

Simu ya Mutugi ililia tena. Aliisoma, akamsogezea Rahema. Chini ya maneno ya wale wanaume, Gladwell alikuwa ameandika: *Mimi ndiye ninayeishi na sola hii. Ni nzuri. Mwenye swali aniulize mimi, si mume wangu.* Hakuna aliyekuwa amejibu bado. Katika nyumba arobaini, ni ngapi zingemsikia mwanamke, Rahema hakujua, na hakutaka kujidanganya.

Shukri alifika kwenye ukuta wa banda saa kumi jioni na kusema amemaliza. Rahema alikunja leso, akapiga magoti kwenye tope, akaipapasa sponji kutoka mwanzo wa mtaro, hatua kwa hatua. Mahali pawili alimwambia afungue, afunge upya.