Mwito wa Kilima cha Mchanga

Jumatano, tarehe 11 Novemba 1998. Asubuhi kulikuwa na umande mzito. Baada ya adhuhuri mbingu zikawa nyeupe na upepo ukalala kabisa.

Sleyum bin Mahrous, dereva wa kambi ya watalii iliyo mchangani kusini mwa Ibra, Omani, alikuwa na miaka arubaini na sita, na alikuwa amebakiwa na siku moja tu ya kujua kuteleza mchangani kwa skii, zile mbao ndefu za kufungwa miguuni. Wageni walikuwa wanaingia Alkhamisi. Tajiri wa kambi alikwisha sema: dereva atakayeshuka kilima kikubwa bila kuanguka, akasimama penye pipa jekundu lililowekwa chini, ndiye atakayewaongoza. Asiyeweza aende zake.

Mwalimu wake alikuwa Thuwaini, mpwa wa tajiri, kijana wa ukoo uliotoka Tabora, aliyejifunza skii kwenye theluji alipokuwa masomoni Ulaya. Kwanza alimfundisha kuanguka kwa ubavu. Kisha kupanda upande upande, kama kaa. Kisha kukunja magoti na kutanua visigino, ncha za mbele zikaribiane, ndipo mwendo upungue. Chini ya skii walipaka nta ya mshumaa.

"Ami Sleyum, mbona umekaa kama uko chooni?"

"Nyamaza wewe. Huko Ulaya walikucheka hivi?"

"Zaidi! Magoti, Ami! Macho kwenye pipa. Skii hufuata macho. Ukitazama nyuma, umekwisha."

Mara ya sita, wakati wa alasiri, Sleyum alipanda peke yake, Thuwaini akabaki chini. Alipoanza kushuka, mchanga ulivuma chini ya miguu yake, mvumo mzito kama wa jenereta iliyofukiwa. Hilo aliambiwa mapema: kilima kile huvuma mchanga ukiporomoka. Habari ya sauti hakuambiwa.

"Sleyum!"

Ilitoka nyuma, juu ukingoni. Ilikuwa sauti ya mama yake, Bibi Turkiya, kwa mvuto ule ule wa kumwita aje ale. Tangu utotoni Unguja alikatazwa kuitika mwito mmoja mahali pasipo watu. Angoje wa tatu, maana kisicho mtu hakifiki mara tatu. Lakini pia alilelewa kwamba mama akiita, huitikwa hapo hapo. Ulimi ukamtangulia.

"Labeka, mama!"

Akageuza shingo. Ukingo ulikuwa mtupu. Skii zikafuata macho, naye akaviringika mpaka chini.

Thuwaini alimkimbilia. Safari hii hakucheka. "Ulikuwa unamwitika nani?"

"Hukusikia?"

"Nimekusikia wewe tu."

Magharibi, aliporudi nyumbani kwao Ibra, Sleyum alimkuta Bibi Turkiya amekaa mlangoni, ufagio mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Alasiri umeitika labeka hapa mlangoni, nimefungua, hakuna mtu. Mchanga tu, umejaa kizingiti kizima, na mie nilikuwa nimekwisha kufagia."

"Kwani uliniita?"

"Sikukuita. Nilikuwa nasali."

Wakatazamana. Bibi Turkiya akashusha sauti. "Kesho usende."

"Nisipokwenda kazi sina, mama."

"Basi usimwitike mtu usiyemwona uso. Hata akiwa mimi."

Alkhamisi asubuhi, tajiri akitazama kutoka mahemani na Thuwaini akingoja kando ya mteremko, Sleyum alifunga viatu, akapanda upande upande, akashuka. Mchanga ukavuma. "Sleyum!" Ilitoka ukingoni. "Sleyum, mwanangu!" Hii ilikuwa karibu na sikio, na shingo yake ikapata baridi. Akauma meno. Macho kwenye pipa. Akatanua visigino. Ncha za skii zikagusa pipa, akasimama wima. Mwito wa tatu haukuja.

Nyuma yake mtu alikuja mbio mchangani.

"Ami Sleyum! Ami! Kazi ni yako!"

Sleyum hakuitika, wala hakugeuka. Alisimama hivyo hivyo, jasho likimtoka, mpaka Thuwaini alipozunguka akaja mbele yake. Alimtazama uso wote, kuanzia paji mpaka kidevu.

"Labeka," akasema.