Nusu ya Askari wa Kuvusha Watoto

Watu huniuliza kwa nini mimi huzima redio siku ya kusomwa bajeti. Nimekaa kwenye jiko lake miaka kumi na mmoja, bwana. Sahani ikiletwa mezani najua ilivyopikwa, na hamu yote huniishia.

Nilikuwa karani katika idara moja ya serikali, jina lake wacha lipumzike. Idara ilibeba shule, bustani na taa za barabarani, na mimi ndiye niliyepokea maombi. Kila mwaka, mvua za vuli zikishakatika, tulituma fomu kila pembe: andika unachohitaji mwaka ujao. Fomu zikirudi nilizipiga chapa, mkubwa wetu akazipeleka kwa wakubwa wa fedha, nao wakakata nusu. Si robo, si thuluthi. Nusu, bila kukosa, kama chai ya saa nne.

Sasa, kwa kuwa kila mtu alijua atakatwa nusu, kila mtu aliomba maradufu. Na wakubwa wa fedha, kwa kuwa walijua tumeomba maradufu, walikata bila haya. Mkuu wa bustani akitaka mashine tano za kukata nyasi aliomba kumi, akapewa tano, wakapeana mikono na kumalizia biskuti. Hakuna aliyedanganywa. Mimi nilikulia hatua chache kutoka soko la Majengo, mama yangu akibishania bei ya nyanya kila siku ya Mungu, kwa hiyo sikuona ajabu yoyote. Niliona soko tu, ila hapa wauzaji walivaa tai.

Mwaka ninaousema, miaka ya sabini ikielekea ukingoni, fomu ya shule ya mtaa wetu ililetwa na mwalimu mkuu mwenyewe, maana hakuiamini posta. Alikuwa mama wa Murang'a, Mkristo wa kweli kweli, na ndiye aliyenifundisha hesabu darasa la tatu. Fimbo zake nazikumbuka hadi leo. Shule yake ilitazama barabara kubwa ya kwenda mjini, malori yakipita pale mbio kama yanafukuzwa, na nusu ya wanafunzi walikaa ng'ambo ya pili. Binti yangu wa darasa la nne alikuwa mmoja wao.

Fomu yake ilikuwa na ombi moja tu: askari wa kuvusha watoto barabara, mmoja.

"Mwalimu," nikamwambia kwa sauti ya chini, "ukitaka mmoja, andika wawili."

"Kwa nini?"

"Huko juu watakata nusu."

"Shule inahitaji wangapi?"

"Mmoja, Mwalimu."

"Basi andika mmoja." Akanikazia macho vile vile alivyokuwa akinikazia nikikosea saba mara nane. "Nilikufundisha kuhesabu wewe. Kutia chumvi ulijifunzia wapi?"

Ningeweza kuibadilisha. Mashine ya chapa ilikuwa yangu, na kubonyeza mbili mahali pa moja si kazi ya kutoa jasho. Lakini niliogopa. Sikumwogopa mkubwa wangu hata kidogo, nilimwogopa yule mama. Nikapiga chapa: mmoja.

Siku ya mashauriano nilikaa mwisho wa meza, nikiandika yanayosemwa. Upande wa pili alikaa bwana wa fedha, miwani imemkalia puani, kalamu nyekundu mkononi. Mkuu wa bustani alifungua vita. Alisema nyasi zikiachwa zikue nyoka wataingia hadi maofisini, tena wataanza na ofisi za fedha. Karibu alie. Aliomba mashine kumi na mbili, akapewa sita, akakaa chini ameridhika, akajipangusa jasho. Taa za barabarani nazo zikapigiwa kelele, zikakatwa nusu, watu wakaridhika. Halafu ikaja shule.

"Askari mmoja," akasoma bwana wa fedha. "Nusu."

Mkubwa wetu akacheka kidogo, akidhani ni mzaha.

"Bwana, mtu hakatwi nusu."

"Kila kitu hukatwa nusu. Nikimwacha huyu mzima, bustani watauliza wao wamekosa nini."

Mkuu wa bustani akatikisa kichwa kukubali, kwamba haki ni haki. Wakafikiri. Watu wazima, wenye digrii zao ukutani, walikaa wakimfikiria yule askari, wamkate kwa juu au kwa chini. Mwishowe mmoja akasema, "Afanye kazi nusu siku." Aisee, ungeona nyuso zilivyong'aa! Wakapongezana. Nami, baba wa mtoto wa ng'ambo, nikaandika: imekubaliwa. Hata kukohoa sikukohoa. Mkono ule hadi leo nikiutazama unanikera.

Askari akaja kweli, kijana mtanashati, koti jeupe na kibao cha kusimamisha magari. Saa moja asubuhi malori yanatii, watoto wanavuka. Saa sita unusu anakunja koti lake, anaondoka na kibao, maana amekitilia sahihi. Ndiyo kusema kila siku serikali iliwachukua watoto kwao, ikawavusha salama salimini, kisha ikawaacha upande wa shule wajijue wenyewe.

"Baba watoto," mke wangu akaniambia, "si wewe unafanya kazi huko? Hebu waambie watoto wana mazoea ya kurudi nyumbani."

Nikajiongezea sukari kwenye chai.

Mwalimu hakungoja jibu la mtu. Kila alasiri masomo yakiisha alichukua kengele ya shule, akaingia barabarani na nguo yake ya kanisani, akaipiga mbele ya malori. Yalisimama. Baadhi ya madereva aliwahi kuwafundisha, na ukishapigwa na yule mama hukimbizi gari mbele yake. Idara ikasikia. Idara ikakasirika. Ikamwandikia kwamba kuvusha watoto alasiri ni kazi isiyo na fungu la fedha, na aache mara moja. Na nani aliyepiga chapa barua hiyo? Mimi. Akajibu kwa mstari mmoja: "Mleteni mwenye kazi, niache."

Hatukumleta. Siku moja ya mvua za masika lori la mchanga lilishindwa kusimama. Mwalimu aliwasukuma watoto wawili nyuma, nalo likampata yeye kwenye nyonga. Mmoja wa wale wawili alikuwa wangu. Alirudi nyumbani na kengele ya shule mkononi, ametapakaa matope, na hakukubali kuiachilia hadi mama yake alipombandua vidole kimoja kimoja. Nililia, sioni haya kusema. Nililia kwa uoga, kisha nikalia kwa aibu.

Mwalimu alilazwa hospitali miezi kadhaa. Alipotoka alirudi shuleni kwa magongo, na msimu wa fomu ukafika tena. Safari hii aliituma fomu na mtu. Nikaifungua: askari wa kuvusha watoto barabara, wawili.

Moyo ukanishuka. Nikasema haya, tumemweza. Miaka yote ile ya kanisa na ubao na chaki, na sisi tumemfundisha kudanganya kwa mwaka mmoja tu.

Mezani, kalamu nyekundu haikusita. "Wawili, nusu, mmoja. Kutwa nzima." Mkubwa wetu akanikonyeza. "Umeona? Hata yule mama mgumu ameelewa kazi." Wakacheka wote. Nami nikacheka, Mungu anisamehe.

Siku ya pili yake, kabla ya mchana, nilikuwa naweka fomu kwenye faili. Nyuma ya kila fomu palikuwa na nafasi ya kueleza sababu za ombi. Hakuna aliyeijaza, kwa kuwa hakuna aliyeisoma. Niliigeuza ya Mwalimu kutafuta muhuri wa shule, nikakuta mwandiko wake ulionyooka:

"Wa kwanza ni wa watoto. Wa pili ni wa kunivusha mimi jioni, kwani natembea kwa magongo, na askari akishika kibao hana mkono wa kunishika. Tunahitaji wawili."

Niliisoma nimesimama, kisha nikaisoma tena nimekaa. Alihitaji wawili, akaomba wawili.

Saa tisa nikaenda kwa mkubwa kuomba ruhusa. Shule ilikuwa mwendo wa nusu saa kwenda na nusu saa kurudi, nikamwomba muda wa saa moja na nusu ili niwahi kumshika mtu mkono. Hakuinua macho. Akaandika dakika arubaini na tano, akanirudishia karatasi.

Nilimkuta kando ya barabara, amejiegemeza kwenye magongo, kengele miguuni pake, watoto wote wameshavuka na kwenda zao.

"Umechelewa," akasema.

"Ndiyo, Mwalimu."

Akanipa mkono. Sikurudi ofisini siku hiyo.