Wembe wa Lyle Hruska

Lyle Hruska alikuwa jirani yangu hapa Nebraska, Marekani, fundi wa matrekta. Alipokuwa jeshini kule Iraki, alipewa kazi ya kumwagia dizeli shimo la taka na kulitia moto: betri, plastiki, matairi, dawa zilizoharibika. Moshi ule aliuvuta mwaka mzima. Alipofika miaka hamsini, hakuweza tena kutoka mlangoni hadi kwenye sanduku la barua pale barabarani bila kupumzika.

Akaomba mafao ya ulemavu. Serikali ikampeleka kwa daktari athibitishe kama kweli anaumwa. Lyle alifanya ambacho askari yeyote wa hapa angefanya akiitwa kukaguliwa: alinyoa ndevu, akapiga shati pasi, akavuta dawa ya pumu garini ili asikohoe, akaingia kifua mbele.

"Unaendeleaje, bwana Hruska?"

"Sina neno, daktari."

Ombi likakataliwa. Hali yake nzuri, walisema.

Akakata rufaa. Siku ya kupimwa tena, mkewe Marlys alificha wembe.

"Leo unakwenda hivyohivyo, mzee. Wakuone ninavyokuona mimi."

"Nikaombe kama mlevi wa stendi?"

"Ukaombe kama mgonjwa. Si ndivyo ulivyo?"

"Kuna wenzangu hawana miguu, Marlys."

"Na wewe huna mapafu. Yangekuwa yanaonekana, ungeyapiga pasi."

Alicheka hadi akakohoa. Njiani akaomba wasimame kituo cha mafuta, aende chooni. Alirudi na kidevu laini chenye damu kidogo. Alikuwa amenunua wembe. Kwa daktari, akamwambia mkewe asubiri nje.

"Umemwambiaje?" Marlys alimuuliza alipotoka.

"Kwamba sina neno."

Likakataliwa tena.

Watu hapa husema aliponzwa na kiburi. Mimi nasema jeshi lilimfundisha tangu ujanani kwamba anayelalamika ni mzigo kwa wenzake, kisha nchi hiyohiyo ikamhukumu kwa kujifunza vizuri. Mashine ya kupima pumzi ilikuwa pale mezani kwa daktari. Kuuliza kulikuwa rahisi zaidi.

Alikufa Oktoba. Makaburini, askari kijana aliikunja pembe tatu bendera iliyofunika jeneza, akapiga goti, akamkabidhi Marlys, akisema ni kwa niaba ya taifa lenye shukrani.

"Hilo taifa unalijua?" Marlys akamuuliza.

"Samahani, mama?"

"Ukikutana nalo, liambie Lyle hakuwa na neno."

Kijana akasimama wima, akapiga saluti. Ndivyo alivyofundishwa.