Mama Pumzi na Utando Usioonekana

Kazini walimwita Mama Pumzi, na jina hilo alilipata kihalali. Ukisogelea beseni lake huku unahema, alikutoa nje, hata kama wewe ndiye bosi. Juu ya maji ya beseni lile ulielea utando wa kaboni wenye unene wa atomi moja tu. Chafya moja ingetosha kuuzika.

Aliuotesha kwenye karatasi ya shaba ndani ya tanuri, akaiyeyusha shaba kwa dawa, kisha akauopoa utando taratibu kwa plastiki laini, tayari kubandikwa juu ya skrini. Nazo skrini zilikuwa zile zinazojiwakia zenyewe bila taa nyuma yake: nyembamba, zenye rangi za kuvutia, na zenye afya ya mtoto njiti. Zikiguswa na unyevu kidogo tu, zinatoka madoa meusi na kufa. Kazi ya utando ilikuwa kuufungia unyevu nje.

Nyumbani, kazi hiyo haikumletea heshima yoyote. Mumewe alikuwa fundi wa milango ya chuma, mtu aliyeamini kwamba kinga ni kitu cha kubebwa na wanaume wanne.

"Leo umetengeneza nini, mke wangu?"

"Utando."

"Uko wapi tuuone?"

"Hauonekani."

"Basi na mimi kesho nitamfungia mteja mlango usioonekana. Akiibiwa, nimwambie ulikuwepo."

Mama mkwe alicheka mpaka akashika mbavu. Mama Pumzi akaendelea kukunja nguo. Alikwisha kuchoka kueleza.

Ambacho hakuwaambia ni kwamba kwa muda mrefu utando ulikuwa unamshinda hata yeye. Ulijikunja, ulichanika, ulitoboka matundu ambayo jicho haliyaoni lakini unyevu unayaona vizuri sana. Siku moja alijifungia kwenye chumba cha kubadilishia nguo akalia, akatoka macho mekundu, akasingizia dawa ya shaba. Mwishowe akajaribu kubandika tabaka mbili, moja juu ya nyingine, ili tundu la huku lizibwe na uzima wa kule. Skrini hiyo akaiweka kwenye sanduku la mvuke wa moto, pamoja na nyingine isiyofunikwa.

Wiki kadhaa baadaye alifungua sanduku. Skrini tupu ilikuwa imejaa madoa kama ukuta wa bafu. Ile ya pili ilikuwa inawaka kama imetoka kiwandani jana. Mama Pumzi alisahau sheria zake zote akapiga kelele pale pale, karibu kabisa na beseni.

Mkurugenzi alifurahi sana, akaalika wanunuzi na kujinunulia tai mpya. Siku ya maonyesho alieleza kwa kirefu jinsi "sisi" tulivyohangaika, ingawa yeye alihangaika zaidi na kiyoyozi cha ofisini kwake. Mnunuzi mkubwa, mzee mmoja mwenye miwani, alipitisha kidole juu ya skrini nzima. Akapitisha tena.

"Mbona hamna kitu hapa?"

"Kipo, mzee," alisema Mama Pumzi. "Ndiyo maana haijafa."

"Labda haijafa kwa sababu ni nzima. Mimi nitamwambia nini mteja? Anunue kitu asichokiona?"

Wanunuzi wakaondoka, baada ya kumaliza vitafunio.

Kesho yake mkuu wa masoko, kijana wa viatu vyenye kung'aa, alikuja na suluhisho: karatasi ya plastiki ya bluu, nene, ya kubandika juu ya kila kitu.

"Inazuia nini hiyo?" aliuliza Mama Pumzi.

"Inazuia maswali."

"Itapunguza mwanga."

"Mama, watu watalipia hiyo bluu."

Walilipia. Oda zilimiminika kiasi kwamba wakaongeza zamu. Hata mama mkwe alipoletewa simu yenye kinga hiyo aliigeuza-geuza mkononi akatikisa kichwa kwa heshima. "Sasa hii ndiyo kazi, mwanangu. Hii naiona."

Mumewe naye aliigonga kwa ukucha akasema ina uzito mzuri.

Haikuchukua muda bluu ikaanza kuchubuka. Wateja wakaibandua wenyewe, skrini zikaendelea kuwaka bila doa hata moja, na barua za malalamiko zikafurika: kinga imetoka, tunataka nyingine! Hakuna aliyejiuliza kwa nini skrini haijafa. Kampuni ikafungua kitengo kizima cha kuuza karatasi za bluu za akiba, na kumpandisha cheo Mama Pumzi kuwa mkuu wake.

"Unastahili," mkurugenzi alimwambia. "Bila wewe tusingekuwa na cha kufunika."

Alitaka kukataa. Lakini ofisi mpya ilikuwa na dirisha, na mgongo wake ulikuwa umeinama juu ya beseni muda mrefu mno. Akakubali kwa sharti moja: asubuhi zake ni za maabara, na mtu yeyote asimtafute.

Kwa hiyo asubuhi anaopoa utando, na mchana anatia saini mizigo ya plastiki kwa uso wa mtu anayeiamini. Mumewe siku hizi anawaambia wateja wake kwamba mkewe ni bosi wa vioo vya bluu. Yeye hamrekebishi. Ila jana, alipouinua utando mpana kuliko wote aliowahi kuotesha, bila mkunjo hata mmoja, alitazama huku na huku kama kuna mtu wa kumwonyesha. Hakukuwa na mtu, na isitoshe, cha kuonyesha hakikuonekana. Akacheka peke yake, mdomo ameugeuzia ukutani.