Fundi Akifumba Macho

Fundi cherehani yule ana tabia ya kuwatoa wateja jasho: akishatandaza kitambaa mezani, huweka mkasi kando, akaegemea ukuta na kufumba macho, pini zikiwa bado mdomoni. Mama wa bibi harusi hakuwa na habari. Harusi kesho, kitambaa hakina akiba, gauni ndiyo kwanza linaanzwa, kama ilivyo ada ya mafundi, na huyu naye kalala!

"Dada, unaumwa?"

"Nashona, mama."

Hapo ndipo mama alipoviona vidole vya fundi. Vilikuwa vikitembea polepole juu ya goti, vikakunja pindo, vikapanda hadi kiunoni, vikasita. Vikarudi chini, vikapanda tena, vikasita palepale. Fundi akafumbua macho, akatema pini kiganjani, akashusha sauti.

"Siku ile nilipompima, binti alibana pumzi. Niache nafasi tumboni?"

Mama, ambaye hakuwa amemwambia hata mumewe, aligeuka kutazama mlango.

"Iache," akanong'ona. "Ila isionekane."

Fundi akashika mkasi, akakata bila kusita.