Mama Mizani na Mawe ya Mlima Wetu

Shemeji yangu, mjane wa marehemu mdogo wangu, wote tunamwita Mama Mizani. Huu mwaka wa kumi na tisa anapima malori yanayoshusha mawe ya shaba kutoka mlima wetu. Kibanda chake kina dirisha moja na feni inayokohoa. Nimemwambia aitupe, hasikii. Lori halipimwi mpaka dereva ashuke, na kama kampakia mkewe, mke naye ashuke. Madereva humtania kwamba ipo siku atawavua na viatu.

Kwa uzito anaouandika, serikali inajua mgodi utoe kodi kiasi gani, na kinachotolewa kinagawanywa nchi nzima: shule, dawa, visima. Hapo ndipo kaka yake, mwenyekiti wetu wa mtaa, alipomjia na lake.

"Dada, andika pungufu kidogo tu. Watu wa mgodi wameniahidi watatuezekea zahanati."

"Kidogo ndiyo ngapi?"

"Tani mbili kila lori. Mlima si wetu? Hao wa kule nyikani wanaogawiwa wametupa nini?"

"Wamenipa mjukuu."

Binti yake kaolewa huko nyikani, ambako hata jiwe la kuuza hakuna. Mwaka juzi uchungu ulimshika siku mbili, akapasuliwa hospitali ya wilaya ya huko, wakatoka wazima yeye na mtoto.

"Hospitali ile imejengwa kwa mawe haya haya, kaka. Niifunge leo?"

"Basi usiniite kaka tena."

Siku kumi kaka mtu hakumsalimia. Shemeji ilimuuma, maana ndugu wa tumbo moja anaye huyo tu. Chai ilikuwa inampoa mkononi. Lakini hakupunguza hata kilo. Alitundika ubao nje ya kibanda, akawa anaandika kwa chaki uzito wa kila lori, mtaa mzima usome. Meneja wa mgodi akaja juu.

"Nani kakuruhusu?"

"Nani kakataza?"

Waliousoma ubao wakaulizia; kumbe sheria inawapa wenye mlima fungu lao katika mgawo, ila hatukuwahi kulidai kwa kutojua uzito. Siku ya kumi na moja nikamkuta mwenyekiti mbele ya ubao, ananakili kwenye daftari.

"Dada, hii nane au sita?"

"Nane. Vaa miwani, kaka."

"Kesho naipeleka hesabu hii halmashauri. Wa nyikani wasiguswe, ila na sisi tupewe chetu."

Mabati ya zahanati, yaliyonunuliwa kwa fungu letu, yamefika juma lililopita. Mwenyekiti anasimulia mtaa mzima kana kwamba ubao ulikuwa wazo lake, na shemeji anamwachia.