Konokono wa Tangi la Sebuleni

Mimi ni Mnyakyusa wa Tukuyu, na kwetu mke wa mtu hakai chumba kimoja na baba mkwe wake. Siku hizi wengi wamelegeza, lakini mama yangu hakulegeza, nami alinilea hivyo. Ukimwona mkwe anakuja njia uliyopo, unaingia migombani mpaka apite. Humtazami usoni wala humpi kitu mkononi.

Nikaolewa Mbeya mjini, Mwanjelwa, kwa watu wenye asili ya pwani. Baba mkwe wangu alizaliwa Kilwa, akaja huku kijana kuuza vitambaa, akabaki. Kwao mwiko huo haupo. Mkewe alipofariki, mume wangu akamleta aishi nasi, na mimi nikaanza maisha ya kuishi jikoni. Chai yake naiweka mezani kabla hajatoka chumbani. Nikiwa na la kumwambia, namwambia mume wangu, naye anamfikishia. Mzee hakuwahi kuuliza. Nadhani alielezwa.

Mume wangu ni fundi wa majokofu. Mwaka juzi alikwenda Iringa kwenye hoteli moja iliyokuwa inafungwa, akarudi na tangi kubwa la kioo kwenye pikapu, pamoja na pampu na taa zake. Akasema anataka kumtengenezea baba yake kipande cha bahari, maana miguu ya mzee haiwezi tena safari ya Kilwa. Chumvi maalumu tuliagiza Dar es Salaam, pamoja na mawe, samaki wanne na vipande vya matumbawe hai. Tukaweka na kifaa cha kupasha maji joto, kwa sababu baridi ya Mbeya mwezi wa saba ingewaua wote.

Tangi likakaa sebuleni, mbele ya kiti cha mzee. Kazi ya kulitunza ikaniangukia mimi, kwa vile mume wangu hashindi nyumbani. Nilikuwa nalisafisha mzee anapokwenda msikitini.

Baada ya miezi miwili kioo kikaota mwani, kijani kwanza, kisha kahawia. Nasugua leo, keshokutwa umerudi. Muuzaji wa Dar akaniambia dawa ni konokono, akanitumia picha kwenye simu. Nikachagua watatu wakubwa kama ngumi ya mtoto, nikiamini mkubwa atakula zaidi. Mume wangu aliporudi jioni akaniambia, "Baba anasema hao ni wakubwa mno kwa nyumba hii." Nilijiuliza mzee ameonaje picha, kisha nikakumbuka kwamba simu niliiacha mezani.

Alisema kweli. Wale konokono walikuwa wanapita kama malori ya mbao ya Mafinga. Matumbawe tuliyoyagandisha juu ya mawe yakaangushwa, moja likavunjika. Mmoja wao akadondoka kutoka kwenye kioo, akalala chali mchangani, akashindwa kujigeuza. Nilidhani amepumzika. Siku ya tatu alikuwa ameoza, maji yalinuka na samaki wawili walikuwa wamekufa. Nililia kidogo, huko huko jikoni. Konokono wawili waliobaki nikawarudisha kwa muuzaji kwa basi.

Mara ya pili niliomba wadogo, mchanganyiko. Boksi likafika stendi asubuhi, siku ambayo mume wangu alikuwa kazini Mafinga na angelala huko. Konokono hawawezi kungoja. Inabidi uwazoeshe maji yako polepole, tone kwa tone, kabla ya kuwaingiza. Mzee alikuwa kitini kwake. Nilisimama mlangoni na beseni muda mrefu, kisha nikaingia, nikampa mgongo, nikapiga magoti sakafuni nikaanza kazi.

Saa moja ikapita nikiwadondoshea maji ya tangi kwenye mfuko waliokuja nao. Nilipowamimina kwenye beseni niliona mmoja tofauti na wenzake. Alikuwa mrefu, amechongoka upande mmoja, gamba lake la rangi ya dhahabu limechorwa pembetatu ndogondogo kama nyavu. Sijaona konokono mzuri kama yule. Nikapeleka mkono nimwinue.

Mkono wa mzee ukanikamata kifundo cha mkono.

"Mwache! Huyo anaua."

Sijui alisimamaje kwa miguu ile. Nikamtazama usoni, mara ya kwanza katika miaka sita ya ndoa yangu.

"Ana mshale mdomoni," akasema. "Dada yangu alimwokota maji yalipokupwa, akamfunga kwenye pindo la kanga amletee mama. Hakufika nyumbani."

Hakuniachia mkono mpaka nilipousogeza mbali na beseni. Nikaleta koleo la jikoni, nikamtia yule konokono kwenye chupa yenye kifuniko. Mzee akaomba kigoda, akaketi karibu yangu.

"Sasa tuchague," akasema. "Wageuze chali wote."

Nikawageuza kwa koleo. Wengine walijipindua mara moja. Watatu walibaki wakipapasa maji.

"Hao watatu watakusumbua kama yule mkubwa. Watoe. Sasa tazama mlango wa gamba. Ukiwa mviringo, huyo mara nyingi ni mla mwani. Ukiwa na mfereji, mara nyingi ni mla nyama, atawatoboa wenzake."

"Na hawa wadogo wenye mfereji, Baba?" Nilisikia sauti yangu ikimwita.

"Hao wanakaa mchangani, wanakula mizoga na makombo. Waache, watakufagilia."

Tulibaki na kumi na wanne. Nilimpigia muuzaji nikamweleza kuhusu yule wa kwenye chupa. Akaomba radhi sana. Konokono yule alikufa baada ya siku mbili, na mume wangu akamfukia nyuma ya nyumba pamoja na gamba lake.

Kilichonikosesha raha kilikuwa kingine. Nikampigia mama Tukuyu.

"Mama, baba mkwe amenishika mkono."

"Amekushika kwa nini?"

Nikamweleza.

"Angekuacha ufe, ningemfuata huko huko Mbeya," akasema. "Mpelekee ndizi nitakazotuma. Mpe mwenyewe, mkononi."

Nilimpa. Alizipokea kwa mikono miwili, akasema ahsante mwanangu, tukaishia hapo.

Kioo sasa ni safi, isipokuwa pembe moja ambayo konokono hawaipendi, sijui kwa nini. Wamebaki kumi na mmoja. Mmoja alipanda akatoka nje, tukamkuta amekauka nyuma ya televisheni. Mzee anataka tuagize konokono wa kauri. Mimi sitaki, nimesoma kwamba baadhi yao hula matumbawe. Tunabishana kuhusu hilo karibu kila jioni, yeye kitini, mimi kwenye kigoda, na mume wangu amekataa kuamua.